Kuku wa Ishirini na Tatu

Mimi ni wakili wa mashamba. Miaka yote niliyofanya kazi hii Kisumu nimekula ugali wangu kwa ugomvi wa mipaka: ndugu aliyesogeza mkonge, shangazi aliyezikwa upande usio wake. Kesi za jinai nilizikwepa makusudi, maana zina haraka na watu wake hulia ofisini. Kwa hiyo mke wangu aliponipigia simu Jumatatu moja saa nne asubuhi, akaniambia mama yake amekamatwa kwa ulanguzi wa bangi, nilimjibu kwamba amekosea namba.

Hakuwa amekosea. Alinitukana kidogo, kisha akalia, nami nikatafuta funguo za gari.

Lazima nieleze mama mkwe ni mtu gani, la sivyo mambo haya hayataeleweka. Ni mjane, anakaa ng'ambo ya chini ya Sondu, kule mto unakoteremka kuelekea ziwani. Katika kikundi cha akina mama wa kanisa yeye ndiye mshika funguo za kabati la vikombe, cheo ambacho hakipewi mtu wa mchezo. Mvuta sigara akimpita njiani, husimama kando na kuziba pua mpaka hewa isafike. Kwa muda mrefu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, akienda boma kwa boma na mkoba wa dawa za minyoo, na kazi hiyo ilimwachia imani moja ambayo kwake inashindwa na ile ya kanisani tu: dawa isiyo na kipimo ni sumu.

Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwetu wako wengi wanaosadiki kwamba bangi kidogo ikitiwa kwenye maji ya kuku huzuia kideri, ugonjwa unaofagia banda zima. Siwasifu wala siwapingi. Chanjo ipo, lakini chupa moja ni ya kuku mia na hutaka barafu, na mama mkwe hana barafu, wala hapatani na jirani ambaye wangegawana naye chupa. Basi siku ya soko alikwenda Sondu akanunua bangi, akairudisha nyumbani chini ya sukumawiki huku akiomba msamaha njia nzima. Watu wengine hutupa fungu zima kwenye ndoo ya maji na kumwachia Mungu. Yeye hakuweza. Aliianika, akaitwanga, akaipima kwa kijiko cha chai, akakata karatasi za daftari na kufunga vipakiti ishirini na vitatu, kimoja kwa kila kuku aliyekuwa naye. Kila kipakiti alikifunga kwa uzi wa rangi ya kitambaa kilichokuwa mguuni mwa kuku mwenyewe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa mama mkwe hata kuku wenyeji walikuwa nayo, ili wasichanganyike na wale wa jirani niliyemtaja.

Polisi hawakuwa wamemfuata yeye. Walikuwa wakimfukuza mpika wa ile pombe haramu, chang'aa, mpika chang'aa akakatiza bomani kwake, na askari mmoja mrefu akaingia bandani mwa kuku kumtafuta. Kichwa chake kikagonga mkebe uliokuwa ukining'inia, vipakiti vikammwagikia mabegani.

"Mama, hii ni nini?"

"Hiyo ni dawa ya kuku."

"Dawa gani inanuka hivi?"

"Si wewe unajua tu. Lakini mimi nimepima. Hii ya uzi nyekundu ni ya jogoo, iko kubwa kidogo. Usichanganye, Baba, utaniulia kuku."

Mtu mwingine angenyamaza. Mama mkwe alimwona kijana asiyejua kitu, na kazi yake ya zamani ikaamka ndani yake. Alimfundisha askari yule somo zima: namna ya kuanika, namna ya kupima, kwa nini vifaranga hawapewi. Akamsihi amruhusu awape kuku dozi yao kabla hajaondoka, askari akakataa, lakini akawahesabu na kuandika idadi yao kwenye kijitabu chake. Kisha aliingia nyumbani akachukua pia mizani ya kuning'iniza, ambayo mama mkwe alipimia samaki enzi alipokuwa akiwauza. Katika maelezo akaandika kwamba mshukiwa amekiri kuipima na kuifunga bangi yeye mwenyewe kwa ajili ya wengine. Na kweli, kuku ni wengine.

Mchana huo nilifunga mlango wa ofisi nikaisoma sheria ya dawa za kulevya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilichokikuta kilinitoa jasho. Ukikutwa na bangi, ni juu yako kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yako mwenyewe tu. Ukifaulu, adhabu inakuwa nyepesi. Usipofaulu, inapanda. Na ikionekana ulikuwa unasambaza, inapanda mpaka mtu wa umri wa mama mkwe hawezi kuimaliza akiwa hai. Kwa kuwa hakuna hakimu anayeweza kuingia moyoni mwa mtu, watu hutazama vitu na kudhania: ni nyingi kiasi gani, imefungwa vipi, kuna mizani? Bangi iliyovurugika mfukoni pamoja na makombo ya mandazi ni ya mvutaji. Vipakiti vilivyolingana, vyenye nyuzi za rangi, kando ya mizani, ni vya mfanyabiashara, tena mwenye maendeleo.

Nilikasirika mpaka nikapiga meza. Angekuwa mchafu, angekuwa nusu ya njia kwenda nyumbani. Alikuwa anaelekea jela kwa sababu ya unadhifu.

Tulimtoa kwa dhamana, na hapo ndipo taabu yangu hasa ilipoanza. Kwa Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mikono. Hamketi karibu. Yeye hali mbele yako, nawe hutamki mbele yake neno lolote lenye harufu ya aibu. Katika miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa nimemwambia mama huyu mambo matatu: shikamoo, asante, na poleni kwa msiba. Nikamsihi mke wangu tumtafutie wakili mwingine. Jibu la mama yake likarudi kwamba aibu ya nyumba haipelekwi kwa majirani, na kwamba kama ora, yaani mkwe wake, amesomea sheria, alisomea nini?

Basi alikuja ofisini. Akakataa kuingia. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, akitazama ukuta. Mimi niliketi mezani, nikitazama dirisha. Mke wangu alisimama mlangoni katikati yetu kama mkalimani, ingawa sote watatu tulisikilizana vizuri kabisa.

"Muulize," nilisema, "kama amewahi kuvuta."

"Nimuulize mama yangu nini?"

"Ni sheria inauliza, si mimi."

Mke wangu akageuka. "Mama, wakili anauliza kama umewahi kuvuta bangi."

"Wakili gani?"

"Ora."

"Ora ndiye anauliza hivyo?"

Mteja mwingine aliyekuwa akisubiri kesi ya shamba lake akakunja gazeti ili asikie vizuri.

"Mwambie hapana," sauti ikaja kutoka ukumbini. "Na umwambie nimesikia ameniuliza."

Wiki iliyofuata kiongozi wa mashtaka, mwanamke wa rika langu asiye na makuu, alinivuta kando kwenye korido ya mahakama. "Wakili, mimi pia nina mama," akasema. "Huyu mzee akikubali kwamba ilikuwa yake ya kutumia, nabadilisha shtaka leo. Hata akisema ni ya kuchemsha anywe kwa sababu ya magoti. Lakini hii ya kuku siwezi kupeleka mahali. Sheria haina kuku."

Nilirudi ofisini nikiwa nimefurahi kama mtu aliyepona homa. Ilikuwa sentensi moja tu. Mama mkwe aseme anaitumia mwenyewe, aonywe, aende nyumbani. Nilimweleza mke wangu, mke wangu akaubeba ujumbe mpaka benchini, na nikasikia benchi likilia mtu aliposimama.

"Niseme navuta? Mimi?"

"Mama, useme tu ni ya magoti."

"Magoti yangu haina shida. Mwambie ora nimefunga bangi, sijatumia. Nikifungwa, nifungwe kwa ile nimefanya. Siwezi shika Biblia nikidanganya kwa ajili ya mwili wangu."

Nilimchukia kidogo siku hiyo, nakiri. Nilizunguka ofisini nikiuambia ukuta kwamba kuna watu ambao wema wao ni mzigo kwa jamaa zao. Hasira ilinitoka Jumapili yake, mke wangu alipoenda kumwona na kurudi akiwa amevimba macho. Alikuwa amemkuta mama yake amekabidhi funguo za kabati la vikombe kwa mwanamke mwingine. Pembeni ya kitanda palikuwa na mfuko mdogo wenye sabuni mbili, leso, kandambili na mafuta ya kujipaka. Alikuwa ameulizia mtu anaruhusiwa kuingia gerezani na vitu gani, akafungasha hivyo tu. Niliogopa kweli. Mpaka hapo nilikuwa nimeichukulia kesi kama kioja cha kusimulia, lakini yeye alikuwa tayari ameanza kuondoka.

Sikuwa na utetezi mwingine zaidi ya ukweli, kitu ambacho wakili hukikimbilia mwisho. Niliujenga hivi: vipakiti ishirini na vitatu, kuku ishirini na watatu, nyuzi na vitambaa vinaoana rangi kwa rangi. Muuzaji hafungi bidhaa kwa kufuata mguu wa kuku. Hesabu ya kuku nilikuwa nimepewa na mama mkwe mwenyewe, kupitia mlangoni, na kwa kuwa hasemi uongo sikuona haja ya kwenda kuwahesabu bandani kwake. Na kama hiyo haitoshi, nilikuwa na hoja ya kisomi: kuku ni wake, kwa hiyo anachokula kuku ni matumizi yake mwenyewe.

Siku ya kusikilizwa, akina mama wa kanisa walijaza viti vyote vya nyuma na vitambaa vyao vyeupe. Hakimu, mzee mwenye miwani ya kamba, alinisikiliza hoja ya kisomi mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wakili, unataka niandike kwamba kuku ni mwenyewe?"

"Ni njia ya kusema, Mheshimiwa."

"Nimekuelewa. Endelea na ile nyingine."

Ile nyingine ilikwenda vizuri mno. Mama mkwe alikula kiapo, akaeleza kila uzi na kuku wake, na hakimu akaandika bila kuinua kichwa, dalili ambayo mawakili huipenda. Nikaketi. Kiongozi wa mashtaka akasimama na kijitabu cha yule askari mrefu mkononi.

"Mama, ulifunga vipakiti ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Askari alihesabu kuku siku ile amekukamata. Alipata ngapi?"

Mama mkwe alijitengeneza kitambaa cha kichwani.

"Hapa ameandika ishirini na mbili. Ni uongo?"

"Sio uongo."

"Sasa hii ya uzi nyeupe ni ya nani?" Akakiinua kipakiti kile kidogo, karatasi ikiwa bado na mistari ya daftari. "Kuku ya kitambaa nyeupe iko wapi, Mama?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Niliona hakimu ameacha kuandika. Kipakiti kimoja bila kuku kilitosha kuharibu vile vingine vyote, kwa sababu kama kimoja kilikuwa cha mtu, basi kuku walikuwa hadithi, na dhana ya sheria ilikuwa imekaa palepale ikitusubiri. Nilikasirika tena. Kwa nini hakuniambia? Nikageuka kumtafuta mke wangu kule nyuma. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, na juu ya leso macho yake yalinitazama mimi, hayakumtazama mama yake.

Hapo nikakumbuka Jumapili iliyotangulia ile Jumatatu ya kukamatwa.

Vipakiti alivifunga Jumamosi. Jumapili sisi tulikwenda kumsalimu bila kumwarifu, wazo langu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na mteja Sondu na nilisikia njaa. Mkwe hapewi mboga. Palisikika kelele nyuma ya nyumba, na baada ya muda nikaletewa kuku mzima na ugali, mezani peke yangu, kama inavyopasa. Nilimmaliza. Nilikula mapaja, mgongo, firigisi, nikatafuna na mifupa laini. Nikalala kwenye kiti chini ya mwembe mpaka saa kumi, na hata nilimsifia mke wangu njiani kwamba usingizi wa kwa mama yake ni wa namna ya pekee.

Na sasa mama huyo alikuwa amesimama kizimbani akichagua kufungwa. Kwetu, kumhesabia mgeni chakula ni aibu kubwa; kumhesabia mkwe, mbele ya hakimu na kikundi kizima cha kanisa, hilo halina jina. Alikuwa ameniambia idadi ya kuku kama ilivyokuwa kabla sijala, kwa sababu heshima ilimtaka aseme kana kwamba sikula kitu.

Nilisimama. "Mheshimiwa, naomba kujitoa katika kesi hii."

"Sasa hivi? Kwa nini?"

"Kuku nilimla mimi."

Cheko la nyuma lilianza dogo, kama mvua juu ya mabati, kisha likawa kubwa mpaka karani akagonga meza. Hakimu alinikumbusha kwamba wakili hatoi ushahidi akiwa amesimama upande wa mawakili. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake alikubali kushika faili, huku machozi ya kicheko yakimtoka, nami nikapelekwa kizimbani, nikaapa, nikaeleza. Kiongozi wa mashtaka alinihoji bila huruma. Ilikuwa siku gani? Kuku alikuwa na kitambaa cha rangi gani? Sikumwona miguu. Nilikula kiasi gani? Nilisema nilimla mzima. Mzima, wakili? Mzima. Mke wangu akaitwa naye, akaapa kwamba kuku aliyechinjwa alikuwa wa kitambaa cheupe, na kwamba alikifungua yeye mwenyewe akakitupa.

Niiseme hukumu hapahapa, maana siyo ninayoikumbuka zaidi. Ilitoka majuma mawili baadaye. Hakimu alisema dhana ni dhana tu, huondoka ukweli unapoingia, na kwamba vipakiti vilikuwa na wenyewe, wote wana mabawa. Hakuna ulanguzi. Lakini bangi ni bangi, na kuku si mwenyewe, kwa hiyo kupatikana nayo kulibaki kosa. Kwa umri wake na rekodi yake akampa mwaka mmoja chini ya ofisa wa probesheni, na amri ya kununua chanjo. Akina mama walitoka wakiimba, na zile sabuni mbili akazitumia kufulia.

Ninachokumbuka ni siku ile ya ushahidi, kabla hatujatoka. Hakimu alimrudisha mama mkwe kizimbani, akamkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo.

"Mama, umesikia ushahidi. Ni kweli huyu bwana alikula kuku wa kitambaa cheupe?"

Mwanamke huyu alikuwa amekataa sentensi moja ndogo ambayo ingemweka huru. Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyejichafua mbele ya wageni. Kisha akamgeukia hakimu.

"Alionja tu, Mheshimiwa," akasema. "Kipande moja, tena ya shingo. Hiyo ingine yote nilikula mimi."